Minofu Iko Wapi?

Ukitaka wavuvi wa Homa Bay waje kutazama filamu, angalia mwezi kwanza. Omena huvuliwa usiku wa giza, kwa taa zinazowavuta juu ya maji. Mwezi ukiwa mpevu taa hazifui dafu, mashua hubaki ufuoni, na wenyewe huwa na jioni nzima ya kukaa. Shida ni kwamba mwezi huohuo hukuharibia picha ukitundika shuka nje. Ukikimbilia ndani na kuziba madirisha kwa nailoni nyeusi, joto linakutoa. Ukingoja miezi ya kufungwa kwa uvuvi wa omena, Aprili hadi Julai, watu wana muda lakini mfukoni hamna kitu, na mvua ya masika ikianza kupiga mabati, hata ungeleta spika za mkutano wa siasa husikiki. Hayo hayamo katika barua za kuomba ufadhili, lakini ndiyo yanayoamua kama ukumbi utajaa.

Kwa miaka kadhaa nilikuwa mshika projekta wa ukumbi mdogo wa sanaa wa jamii mjini Migori, jengo la mabati lililowahi kuwa ghala, si mbali na barabara kuu iendayo Isebania. Mchana palikuwa na mazoezi ya ngoma, michezo ya kuigiza ya wanafunzi na darasa la uchoraji. Jioni mojamoja tulionyesha filamu za makala. Baadaye vifaa vikaanza kusafiri: projekta magotini mwangu, spika juu ya matatu, Rongo, Rodi Kopany, hadi Homa Bay, ambako kundi la vijana lilikuwa limepewa ukumbi wa kanisa siku za katikati ya wiki.

Watu hudhani kazi kubwa ni picha. Picha iliyofifia mtu huivumilia. Sauti mbovu humtoa nje kabla hajajua filamu inahusu nini. Pesa za kwanza tulizopata tulinunua spika. Za pili tukanunua waya mrefu ili jenereta ikae mbali, nyuma ya vyoo, maana stima ilikuwa na tabia ya kupotea palepale mambo yanapokolea. Kisha likaja suala la saa. Filamu ikianza saa mbili usiku, ukumbi unajaa wanaume. Ikianza saa kumi alasiri, akina mama wanakuja, wanakaa hadi mwisho, na wanatoka kabla nauli ya boda haijapanda. Basi tukaendelea kuuita usiku wa filamu na kuufanya saa kumi alasiri. Hakuna aliyelalamika.

Serikali nayo ina sehemu yake. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Sura ya 222, inataka filamu ya kuonyeshwa hadharani ipitiwe kwanza na bodi ya uainishaji. Anayedhani hayo ni ya kumbi za Nairobi tu akumbuke I Am Samuel, filamu ya makala ya Peter Murimi, iliyopigwa marufuku Kenya nzima Septemba 2021.

Sinema ya bure si ngeni huku. Kati ya 1935 na 1937 mradi wa wakoloni ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, wenye makao yake Vugiri katika milima ya Usambara, ulitengeneza filamu fupi na kuzizungusha kwa lori katika Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi za kusini zaidi: jinsi ya kuweka akiba posta, jinsi ya kujikinga na safura, jinsi ya kulima. Baada ya uhuru yakaja magari ya Wizara ya Habari na ya kampuni za sabuni. Kisha makanisa yakaleta filamu ya Yesu, ile ya 1979. Mimi niliitazama utotoni nikiwa nyuma ya shuka, kwa kuwa mbele palikuwa pamejaa, na hadi leo kwangu Petro ni mtu wa mkono wa kushoto. Sizikejeli sinema hizo, zilituletea raha. Ila zote zilimweka mtazamaji mahali pamoja: amekuja kufundishwa. Shuka likikunjwa, gari linaondoka, naye anakwenda kulala na alichofundishwa.

Sisi pia tulianza hivyohivyo. Tunaonyesha, tunauliza kama kuna maswali, mikono miwili ya walimu inainuka, tunafunga. Kilichotubadilisha ni mvua.

Jioni hiyo Migori tulikuwa na Retracing the Benga Rhythm, filamu iliyotolewa mwaka 2008 na Ketebul Music ya Nairobi pamoja na kitabu na CD. Inaeleza jinsi vidole vya mpiga nyatiti, kinubi cha Waluo, vilivyohamia kwenye gita, na jinsi muziki wa vijiji vya kando ya ziwa ulivyokuja kuchezwa nchi nzima na kuvuka mipaka. Tuliichagua kwa sababu Migori ni jirani wa Shirati. Daniel Owino Misiani alizaliwa huko, upande wa Tanzania, mwaka 1940, akavuka, akaunda Shirati Jazz, na mashairi yake yakamtia mikononi mwa polisi zaidi ya mara moja kabla hajafa ajalini Kisumu, Mei 2006. Nilijua ukumbini kutakuwa na waliocheza mbele yake.

Tulikuwa na mfasiri. Migori si mji wa kabila moja. Kuna Waluo, Wakuria, Waluhya, Wakisii, Wasomali, kwa hiyo Kiingereza cha filamu tulikigeuza Kiswahili papo hapo kwa maikrofoni. Kijana aliyefanya kazi hiyo alikuwa mwendesha boda, na ujuzi wake wote aliupata kwa kumsikiliza msimulizi wa filamu DJ Afro kwenye vibanda vya video. Akaanza kwa mbwembwe: kila mzee aliyetokea kwenye skrini akampachika jina la utani, kila gita likawa bunduki. Vijana wakafurahi. Ikafika wimbo, naye bado anasema. Mzee mmoja akapiga sakafu kwa fimbo. "Nyathina, hapo sasa tuachie." Kijana akanyamaza, tukasikia gita. Tangu siku hiyo akawa mfasiri bora niliyewahi kumwona, kwa sababu alijua pa kunyamaza.

Katikati ya filamu mvua ikashuka. Tukasimamisha, tukawasha balbu moja ya jenereta, tukangoja. Watu hawawezi kukaa kimya wakitazamana, basi wakaanza kuzungumza, na kwa kuwa mabati yalikuwa yananguruma ilibidi kila mmoja aseme kwa sauti ya kuitana ng'ambo ya mto. Mzee wa fimbo akafungua mfuko wa nailoni aliokuja nao. Ndani mlikuwa na santuri nne bila majalada, zimefungwa kwa gazeti, na picha ya vijana watano wamevaa suruali pana, wamesimama mbele ya gari ambalo, alituambia, halikuwa lao.

"Mnaonyesha waimbaji," akasema. "Mnaonyesha wa gita la kwanza. Aliyepiga besi ni nani?"

Yeye ndiye aliyepiga besi, katika bendi ambayo jina lake halikupita Awendo. Akaeleza walivyobeba amplifaya kwa baiskeli hadi kwenye matanga, walivyocheza hadi alfajiri wakilipwa kwa kufuata kilichodondoka kwenye sahani, walivyokwenda Nairobi kurekodi na kulipwa mara moja, nauli ikiwa ndani yake, wasisikie tena habari ya santuri zile. Mwingine akamkumbusha habari za Phares Oluoch Kanindo, mtayarishaji ambaye santuri zake za benga zilifika hadi Zimbabwe, na lebo yake ya Sungura ikaupa jina muziki wa huko. "Zimbabwe!" mzee akasema. "Kidole changu kimefika Zimbabwe, mimi sijafika." Ukumbi mzima ukaangua kicheko, naye akacheka kuliko wote.

Kisha mama mmoja wa Kuria akasimama, amejifunika leso mabegani. Alisema filamu ni nzuri, amefurahi, lakini ameketi saa nzima akisikia nyatiti, nyatiti, nyatiti. "Na iritungu yetu mtaileta lini?" Iritungu ni kinubi cha Wakuria. Hakuna aliyekuwa na jibu la haraka. Swali lake ndilo lililotupeleka baadaye kualika wapiga iritungu, tukaonyesha filamu fupi na wao wakapiga mbele ya skrini ileile. Bila mvua, mama yule angekwenda nyumbani na swali lake.

Tulipomaliza filamu ilikuwa usiku hasa, na nauli ya boda ilikuwa imepanda. Watu walilipa.

Kuanzia hapo tulisimamisha filamu katikati kwa makusudi. Najua wapenzi wa sinema watanuna. Kuna mtengenezaji mmoja aliyenitazama kama niliyemkata mwanawe sikio. Lakini mtu aliyetoka shambani au sokoni hakai na neno kifuani dakika 90. Analisema likiwa moto, au anaondoka nalo. Na kitu kingine tulichofuta ni orodha ya mahudhurio. Afisa wa shirika moja lililotukopesha vifaa alitaka kila mtu aandike jina, nambari ya simu na kitambulisho kabla ya mjadala. Walioandika waliondoka, walidhani ndiyo mwisho wa shughuli, au walidhani kuna nauli inayofuata. Mjadala ukabaki wa watu sita, na ripoti yake ikasema wahudhuriaji walikuwa wengi.

Homa Bay tulipeleka Darwin's Nightmare. Watoto hawakuruhusiwa kuingia, na hata hivyo nilikuwa na wasiwasi. Filamu hiyo ya Hubert Sauper, Mwaustria, ilitoka 2004 na mwaka 2006 ikawania tuzo ya Oscar. Ilipigwa Mwanza, upande wa kusini wa ziwa hilihili. Ndege kubwa za mizigo zinatua, zinabeba minofu ya sangara kwenda Ulaya, na wanaobaki wanagawana mifupa. Rais Kikwete aliikemea hadharani mwaka huohuo wa 2006, watu wakaandamana Mwanza kuipinga, na mwandishi wa habari mmoja wa huko aliyezungumza ndani yake akasumbuliwa na polisi. Habari ya ndege kuja na silaha inaelea filamu nzima bila kuonyeshwa hata sanduku moja la risasi. Kwangu huo ndio udhaifu wake mkubwa, ingawa kuna watu ninaowaheshimu wanaoniambia sikuelewa.

Sangara ndiye mbuta wetu. Wakoloni walimtia ziwani miaka ya 1950, akaenea polepole, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa karibu amewamaliza fulu wa kila rangi ambao nyanya zetu walipika. Akaleta viwanda, akaleta pesa, akaleta lori za barafu. Hakuna mtu katika ukumbi ule aliyehitaji kuelezwa hayo.

Kuna sehemu iliyokusudiwa kushtua. Vichwa na migongo ya samaki iliyotoka kiwandani imeanikwa kwenye vichanja vya miti, funza wanatembea, watu wanakanyaga matope katikati ya harufu ambayo karibu uisikie. Nikangoja ukumbi ushtuke. Mstari wa mbele, mama mmoja muuza samaki akageuka akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Si hiyo ni mgongo wazi? Mbona ananionyesha kama uchafu?"

Watu wakacheka. Mgongo wazi ni riziki ya wengi huku na Kisumu: mifupa ya mbuta iliyobaki na nyama kidogo, inakaangwa kwa mafuta mengi na kuuzwa kando ya barabara. Kuna watu wana digrii zilizolipiwa na mgongo wazi. Kicheko hakijaisha, sauti nyingine ya kike ikatoka nyuma, karibu na mlango.

"Ni chakula, sawa. Lakini minofu iko wapi?"

Nimesoma wakosoaji kadhaa wa filamu hii, wa kuisifu na wa kuiponda, na sijaona aliyeifikisha hapo kwa maneno machache hivyo. Mama wa kwanza alikataa kuonewa huruma. Wa pili alikataa mazungumzo yaishie kwenye heshima. Waligombana, kwa adabu, wakiitana min fulani na min fulani, yaani mama fulani, na filamu ikasimama muda mrefu kwenye picha ya bawa la ndege huku wadudu wa ziwani, wale wanaojaa kama moshi wakiona taa, wakijibandika kwenye shuka hadi bawa likaota manyoya.

Mvuvi mmoja alikuwa na lake. Ufuo mzima wa filamu, alisema, hauna mtu anayepima samaki. Hauna anayebishana juu ya bei, hauna mwenyekiti wa BMU anayeshukiwa kula pesa. Kenya ilizipa kamati hizo za ufuo kanuni zake mwaka 2007, na mvuvi huyo alikuwa amegombana na yake kila mwaka tangu hapo. Alichotaka kusema, nadhani, ni kwamba ziwa la filamu lina wanaokula na wanaoliwa tu. Ziwa lake yeye lina mizani, daftari, deni la mafuta ya injini na kelele za kila asubuhi. Mtu anayebishana juu ya bei hajashindwa bado, na kamera haikumtafuta.

Ukimwi umo katika filamu hiyo tangu mwanzo hadi mwisho. Kuna wajane, kuna watoto wa mitaani, kuna wasichana wa baa, na mmoja wao, anayeimba wimbo wa nchi yake mbele ya kamera, anauawa na mteja kabla filamu haijaisha. Homa Bay ya miaka ya 1990 ilikuwa hivyo au zaidi. Palikuwa na wiki ambazo maseremala walitengeneza majeneza tu. Taa zilipowashwa hakuna aliyetaka kuanza, hadi mama mmoja aliyekuwa amekaa pembeni muda wote akaomba maikrofoni, akaishika mbali na mdomo kama watu wasioiamini.

"Filamu yenu inatuacha tunazikana," akasema. "Mimi mume wangu nilimzika. Mimi mwenyewe nilikuwa wa kubebwa. Dawa nilianza hapa hospitalini, na mwanangu niliyemzaa baadaye ndiye huyo aliyewapangia viti."

Mwaka 2001 hospitali ya Homa Bay, ikishirikiana na Madaktari Wasio na Mipaka, ilikuwa hospitali ya kwanza ya umma nchini Kenya kutoa dawa za ARV bila malipo. Filamu ya Mwanza ilitoka miaka mitatu tu baadaye. Mtengenezaji akishamaliza kuhariri, watu wake hubaki katika umri ule, katika nguo zile, na msiba ule. Wenyewe wanaendelea kunywa dawa, kusomesha, kuzeeka, kununua mashua na kudaiwa. Filamu inajua walivyokuwa siku ya kupigwa picha. Kilichofuata wanakijua waliomo ukumbini. Ukifunga mlango baada ya majina ya mwisho kupita, umewafukuza mashahidi kabla hawajaapishwa.

Kabla hatujatawanyika, mzee mmoja, jaduong' ambaye alikuwa kimya hata watu walipocheka, akaniuliza, "Hawa wa Mwanza, waliitwa kuitazama?" Tangu hapo ndilo swali ninalomuuliza kila mtengenezaji anayekuja kwetu na kompyuta yake na pasi ya tamasha shingoni. Wengine hujibu vizuri. Thank You for the Rain, ya 2017, tuliipenda kwa sababu Kisilu Musya, mkulima wa Kitui, alishika kamera mwenyewe akapiga shamba lake likiungua kwa jua na nyumba yake ikiezuliwa na dhoruba, na akawa mtengenezaji pamoja na Julia Dahr wa Norway. Migori walimwamini mara moja. Akina mama hata hivyo hawakuuliza habari ya tabianchi. Waliuliza mume akiwa Paris kwenye mkutano, mke alibaki na nani shambani. Filamu yenyewe, kwa sifa yake, haikulikwepa swali hilo.

Mfuko wa nailoni wa yule mzee wa besi ulizaa jambo tulilolipenda kuliko filamu zote. Tulianza kutenga sehemu ya mwisho ya jioni kwa kanda za nyumbani. Watu wakaleta VHS za harusi za Rongo, matanga ya Kendu Bay, harambee ya shule ambayo sasa ina ghorofa, bendi ikipiga Oyugis mbele ya umati ambao nusu yake ilikuwa imekwisha kufa. Nyingine zilikuwa zimeota ukungu hazichezeki. Nyingine zilikuwa na dakika tatu za watu kisha saa nzima ya mechi iliyorekodiwa juu yake. Mwanamke mmoja aliona babake akitembea, ambaye alimjua kwa picha moja tu ya kitambulisho. Akaomba turudishe nyuma. Tukarudisha.

Kwa hiyo ombi langu kwako wewe unayesoma haya, uwe Awendo, Mbita, Kehancha au Nairobi ulikohamia. Kama kwenu kuna kanda, usiiache sakafuni wala juu ya kabati chini ya mabati. Usiijaribu kwenye deki iliyokaa miaka bila kuwashwa, itaitafuna. Andika kwenye karatasi ni wapi, mwaka gani, nani yumo, nani anapiga besi, na umuulize anayewajua angali hai. Kisha itafutie mashine ya kuihamishia kwenye kompyuta. Kampuni ya mwisho iliyotengeneza deki za VHS iliacha mwaka 2016, na mafundi wanaozijua hawaongezeki. Ipeleke mwaka huu.